Mtoto Aliyepona Saratani Ana Haki ya Kujua Alichougua

Hotuba kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya, Buruburu, Nairobi, mwezi wa Septemba

Wazazi wenzangu, walimu wenzangu, wauguzi na madaktari mlioiacha Jumamosi yenu mkaja hapa, na ninyi vijana mlioketi pale nyuma: hamjambo nyote.

Karibu kila aliye ukumbini humu amewahi kumchangia mtoto mgonjwa. Ile picha tunaijua. Mtoto ana kipara, mrija umebandikwa mkononi kwa plasta, na chini yake pameandikwa nambari ya paybill. Inapita kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya ploti, ya tuliosoma pamoja. Huyu anatuma mia mbili, yule elfu moja. Kwa kuchangiana Wakenya hatujambo, na kuna watoto walio hai leo kwa sababu ya mia mbili hizo. Lakini picha ile ina mwisho wake. Mtoto akifariki, tunazika. Akipona, tunasema Mungu ni mwema, kundi linafungwa, na habari zake haziulizwi tena. Mimi nimekuja kuuliza habari za yule aliyepona. Sasa ana miaka kumi na mitano, yuko shuleni. Anasikia mwalimu anasema nini? Ana miaka ishirini na saba, anataka kuoa. Kuna aliyemweleza chochote kuhusu uzazi? Akipanda ngazi za ghorofa ya nne anahema namna gani? Na kabla ya hayo yote, anajua alichougua?

Kwa wengi mno, hajui. Waliomuuguza wanajua, ila wamenyamaza.

Wengine husema saratani ya watoto ni jambo la siku hizi, limeletwa na vyakula vya kisasa. Si kweli. Mwaka 1958 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa huku kwetu, saratani ambayo leo huitwa uvimbe wa Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakasafiri karibu maili 10,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa bara hili, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe ule umeonekana. Wakabaini kwamba unafuata joto na mvua, yaani unakaa mahali malaria inapokaa. Ndiyo maana watoto wa Nyanza, Magharibi na Pwani huupata kuliko watoto wa Nyeri. Baadaye ikajulikana kwamba malaria ya kujirudiarudia inashirikiana na kirusi kiitwacho Epstein-Barr, ambacho karibu sote tumekibeba mwilini tangu utotoni.

Na hapa Nairobi penyewe, katika miaka hiyo ya 1960, daktari Peter Clifford na wenzake katika Hospitali ya Kenyatta walikuwa wakiwatibu watoto hao kwa dawa. Mwaka 1967 walichapisha makala ya kitaalamu kuhusu wagonjwa waliobaki hai muda mrefu. Mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka huo, kama yuko hai, leo ni nyanya au babu ya mtu. Kwa hiyo tunaposema kwamba watoto hupona saratani, hatuzungumzii ndoto ya nchi za mbali. Walionusurika tumekuwa nao mtaani kwetu kwa zaidi ya nusu karne. Hatuwaoni kwa sababu hawasemi, na wengine hawasemi kwa sababu hawakuambiwa.

Nawapa takwimu chache tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri wa miaka 0 hadi 19 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia nzima wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Madaktari wetu wanapigania lengo hilo kila siku, Kenyatta, Eldoret, Kisumu, na kule Kahawa katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nawaombea wafaulu. Lakini fikirieni maana yake: wakifaulu, idadi ya vijana waliopitia kemo, yaani dawa za kuua saratani, na mionzi utotoni itaongezeka sana katika nchi hii. Tumejiandaa kuwapokea vipi?

Maana kupona kuna mabaki yake. Mwaka 2006 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia watu zaidi ya 10,000 waliotibiwa saratani utotoni katika miaka ya 1970 na 1980. Ulionyesha kwamba ikifika miaka 30 tangu ugonjwa ugunduliwe, karibu watu 3 kati ya 4 wanakuwa na angalau tatizo moja la kudumu la kiafya. Wapo wenye tatizo dogo la tezi ya shingoni linalotulizwa kwa kidonge kimoja kwa siku. Wapo wenye moyo uliochoka. Siwaambii haya ili mjute kwamba mlimtibu mtoto wenu. Bila dawa zile tungekuwa tunazungumzia makaburi. Nawaambia kwa sababu mengi ya mabaki hayo hutibika au hupunguzwa yakijulikana mapema, na hayawezi kujulikana mapema ikiwa mwenye mwili hajui mwili wake ulipitia nini.

Mimi ni mwalimu, basi nianze na darasani.

Iko dawa ya kemo iitwayo sisplatini. Hutumika kwa uvimbe wa ini, kwa saratani ya mifupa, na kwa baadhi ya uvimbe wa ubongo. Ni dawa nzuri, imeokoa wengi. Lakini huharibu vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, na vinyweleo hivyo vikishakufa havioti tena. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Sauti zinazotoweka kwanza ni zile nyembamba za juu. Kwa kawaida mtoto hawi kiziwi kabisa. Anasikia mlango ukigongwa, anasikia matatu ikipiga honi, anasikia mama akimwita kutoka jikoni. Anachopoteza ni sauti kama "s", "f" na "sh".

Niliwahi kumfundisha mtoto wa namna hiyo. Katika imla, nikitamka "fika" anaandika "shika". Nikimtazama usoni anapata nyingi, kwa sababu anasoma midomo yangu. Nikigeukia ubao nikaendelea kusema huku naandika, anapotea kabisa. Walimu wawili kabla yangu walikuwa wameandika kwenye ripoti kwamba ni mjeuri na hasikilizi, na alikuwa ameadhibiwa kwa hilo. Mama yake alijua kwamba mtoto alitibiwa uvimbe wa ini akiwa mdogo, ila hakutaka shule ijue, asije akabaguliwa. Siku aliponieleza, tukiwa tumesimama nje ya ofisi watoto wakienda nyumbani, mambo yalianza kubadilika. Tulimhamishia dawati la mbele, upande ule ambao haukabili dirisha la barabarani. Akapelekwa kupimwa masikio. Akapata vifaa vya kusikia. Wenzake nao wakaelezwa, yeye mwenyewe akiwa amekubali, kwamba saratani haiambukizi kwa kikombe wala kwa kalamu. Alipanda katika masomo muhula uliofuata. Akili zake zilikuwa zile zile tangu mwanzo.

Walimu wenzangu, mtoto aliyepigwa mionzi kichwani anaweza kuwa mzito kidogo wa kunakili na kukumbuka, na pia akawa mfupi kuliko wenzake kwa sababu ya homoni. Mtoto aliyepewa vinkristini, dawa inayotokana na ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska ambalo watu hulipanda hata kwenye bustani, anaweza kuwa anaburuta nyayo, au kushindwa kufunga vifungo na kushika kalamu vizuri. Kijana aliyetumia dawa za steroidi kwa saratani ya damu anaweza kulalamika nyonga inauma kwenye gwaride. Msimwite mvivu, mwulizeni mzazi. Na penye haja, ombeni mapema kwa Baraza la Mitihani aongezewe muda. Nafasi hiyo ipo kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, ila haimfikii mtoto ambaye shule haijui ana nini.

Sasa habari yangu mwenyewe, kwa kuwa nimewaomba mseme na mimi sina budi kusema.

Nilizaliwa Siaya. Nikiwa mdogo taya ilinivimba na meno yakaanza kulegea. Jino moja liling'olewa na mtu wa pale kijijini, uvimbe ukazidi. Uvimbe wa Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha, unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Nikaletwa Nairobi kwa shangazi, nikalazwa, nikatundikiwa dripu, nikachomwa sindano za mgongoni, nywele zikaisha, nikapona. Nyumbani kisa hicho kilipewa jina moja tu: jino. "Ulipokuwa na lile jino." "Mwaka wa jino lako." Hakuna aliyetamka saratani mbele yangu, na mimi nikakua nikiamini kwamba niliwahi kuwa na jino bovu sana.

Miaka mingi baadaye nikashika mimba. Kliniki ya wajawazito muuguzi ananiuliza kama niliwahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa. Najibu, la. Mimba ilipokaribia miezi saba miguu ikafura na pumzi ikawa inanikatika usiku, nalala nimeketi. Kila mtu akasema ndiyo ujauzito. Daktari mmoja tu ndiye aliyeitazama taya yangu, akauliza kwa nini sina meno ya upande huu, na hili kovu la shingoni lilitoka wapi. Nikasema, jino. Akasema, "Dada, hebu mpigie mama yako."

Nikampigia mama hapo hapo, simu ikiwa kwenye spika. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba waliambiwa ni saratani, na baba akaagiza lisitamkwe, watu wasije wakasema ukoo umelogwa, na mimi nisije nikakosa mume. Daktari akamwuliza anakumbuka dawa gani. Mama hakukumbuka jina hata moja. Lakini alikumbuka kwamba moja ilikuwa nyekundu, nyekundu kama juisi, na kwamba baada yake mkojo wangu ulitoka mwekundu, naye akalia wodini akidhani ni damu.

Daktari hakuhitaji zaidi. Dawa nyekundu ni doksorubisini. Inaua saratani vizuri sana, na inaweza kudhoofisha msuli wa moyo. Mara nyingi udhaifu huo haujitokezi wodini. Unaweza kukaa kimya miaka kumi, ishirini, kisha ukajionyesha moyo unapotwishwa mzigo mkubwa, na mimba ni mzigo mmojawapo. Jumla ya dawa ina uzito katika jambo hili: aliyepewa miligramu 250 au zaidi kwa kila mita mraba ya mwili yuko katika kundi la hatari kubwa. Mimi nilipewa ngapi? Tulitafuta faili. Tukaambiwa mafaili ya miaka ile hayapo tena. Sitaitaja hospitali, maana hospitali nyingi zimepoteza mafaili.

Nilifanyiwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonekana moyo unasukuma damu chini ya kiwango. Nikaanzishwa dawa, nikalazwa, nikajifungua chini ya uangalizi wa madaktari wa moyo. Mwanangu yuko hapa ukumbini na mimi niko mbele yenu. Kama angalau mtu mmoja nyumbani angeniambia jina la ugonjwa na rangi ya dawa nikiwa na miaka kumi na minane, ningepimwa moyo kabla ya mimba, na miezi ile ya kulala nimeketi isingekuwepo.

Mama yangu simlaumu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu najua wapo akina mama hapa ambao wameshaanza kuinamisha vichwa. Alikuwa mwanamke wa kijijini, peke yake wodini, na dada mtu mzima wa kitanda cha pili alikuwa anamwambia aende kwa mganga. Alibeba siri ile kama njia ya kunilinda. Wazazi wengi huficha kwa sababu za upendo. Wanaogopa mtoto atakata tamaa. Wanaogopa ndugu wa mume watasema ni ukoo wa mke. Wanaogopa bintiye hatachumbiwa. Hofu hizo si za kijinga, majirani zetu wamezipa sababu. Lakini wahenga walisema mficha ugonjwa kilio humfichua, na kilio hicho kikija humwangukia mtoto ambaye hakuulizwa kama anataka siri.

Tena watoto wanajua. Waliolala wodi ya saratani wanajua zaidi ya tunavyodhani. Wanasikia mabomba ya oksijeni yakiburutwa usiku, wanaona kitanda cha jirani kimetandikwa upya asubuhi. Mtoto wa miaka tisa anauliza, "Mama, yule wa kitanda cha dirishani ameenda wapi?" Anaambiwa amehamishiwa hospitali nyingine. Haamini. Anachojifunza hapo ni kwamba mambo makubwa hayaulizwi, kwa hiyo kesho kichwa kikimuuma au mkojo ukichoma, hatasema.

Mnaniuliza basi tuseme nini. Semeni ukweli kwa kipimo cha umri wake. Mtoto wa miaka minne anatosheka na maneno kama haya: "Tumboni mwako kuna uvimbe. Unaitwa saratani. Daktari anatia dawa ya kuumaliza. Hukuuleta wewe, na ukimkumbatia dada yako hautamwingia." Hilo la "hukuuleta wewe" msilisahau, kwa kuwa watoto wadogo hudhani ugonjwa ni adhabu ya kosa fulani, labda alipovunja sahani au alipompiga mdogo wake. Yule wa miaka tisa mwambieni, "Alifariki, mwanangu. Nasi tumehuzunika. Wewe dawa zako zinaendelea, daktari anakufuatilia, na nikijua jambo jipya nitakuambia." Akilia, mwacheni alie, mkae naye. Na kama ninyi wenyewe mtalia, hakuna ubaya, ilimradi msikimbie.

Akifika kumi na mbili, ajue jina la ugonjwa wake na alitibiwa kwa nini. Akifika kumi na sita, kuna mazungumzo mengine, na hapa wazazi wengi wa Kiafrika tunaona haya. Baadhi ya dawa, kama saiklofosfamaidi kwa kiwango kikubwa, na mionzi ya sehemu za nyonga, zinaweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Mvulana anaweza kuwa na mbegu chache au asiwe nazo kabisa. Msichana anaweza kukoma hedhi mapema kuliko wenzake. Zinaweza, nasema, si lazima. Wengi waliotibiwa utotoni wamezaa, na kwa jumla watoto wao hawana hatari kubwa ya saratani kuliko watoto wengine, isipokuwa kwa aina chache za kurithi. Kijana anafaa kuyasikia haya kutoka kwa daktari, mzazi akiwa ametoka nje kidogo, ili aulize anachotaka kuuliza. Asije akayasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mama mkwe.

Nimetaja aina za kurithi. Inayojulikana zaidi ni saratani ya jicho, ile inayoonekana kama mng'ao mweupe kwenye mboni ukimpiga mtoto picha kwa mwanga wa simu. Iliyoshika macho yote mawili huwa ni ya kurithi, na aliyepona anaweza kumpitishia kila mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Mtoto huyo akichunguzwa macho tangu siku za kwanza, saratani hunaswa ingali ndogo na macho huokolewa. Asiyejua kwamba jicho lake la bandia lilitokana na saratani, kwa kuwa aliambiwa alichomwa na kijiti, atampeleka mwanawe hospitali akiwa amechelewa. Kwa siri hii mjukuu anapoteza jicho.

Na aliyetolewa figo moja kwa sababu ya saratani ya figo anaweza kuishi maisha kamili kwa ile iliyobaki, mradi apimwe presha na mkojo kila mwaka, na asiingie duka la dawa kununua ibuprofeni au diklofenaki kila mgongo unapouma. Msichana aliyepigwa mionzi kifuani anatakiwa kuanza kuchunguzwa matiti mapema mno kuliko wenzake, katika miaka ya ishirini na kitu, wakati ambapo hakuna daktari atakayemfikiria kama hajasema. Naweza kuendelea hivi mpaka jioni, dawa baada ya dawa. Kila moja inarudi kwenye karatasi.

Ni karatasi moja tu ninayoiomba. Ulaya wana kitu wanachokiita pasipoti ya walionusurika, ambayo mgonjwa hupewa akimaliza matibabu. Sisi hatuhitaji kusubiri mtambo wowote, ukurasa wa daftari unatosha. Uandikwe jina kamili la ugonjwa na sehemu ya mwili, mwaka ulipogunduliwa na matibabu yalipoisha, kila dawa na jumla yake, mionzi ilipigwa wapi na kiasi gani, upasuaji ulitoa nini, na kama aliongezewa damu. Majina ya dawa myanakili herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye faili. Daktari atie sahihi na mhuri.

Kila nyumba ina ile bahasha ya kaki, ya hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa, na kile kitabu cha kliniki chenye chanjo tunachokilinda kwa sababu shule watakidai. Karatasi hii ikae humo, na picha yake iwe kwenye simu ya baba na ya mama, na mtoto akikua iwe kwenye simu yake mwenyewe. Walioona mafuriko ya 2024 kule Mathare wanajua bahasha hudumu kiasi gani.

Wapendwa madaktari na wauguzi, najua mzigo mlio nao. Najua wodi zimejaa na kwamba siku nyingine mnatafuta dawa, si kalamu. Hata hivyo nawaomba hili: siku mtoto anapomaliza kemo na wodi nzima inapiga makofi, asitoke bila karatasi hiyo. Hapo ndipo faili bado lipo na aliyeliandika bado yuko kazini. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali ya afya yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zinazomhusu. Wazazi, mkiomba karatasi hamsumbui mtu, mnaomba kilicho chenu. Na kwa wanaopanga malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024: mnapohesabu gharama ya saratani ya mtoto, hesabuni pia eko ya moyo, kipimo cha masikio na daktari wa homoni katika miaka inayofuata.

Meza ile iliyo karibu na dirisha ina fomu za ukurasa mmoja. Mwenye kadi ya kliniki au barua ya kutoka wodini aende nayo, wauguzi watamsaidia kunakili. Asiye na chochote aende na anachokumbuka: mwaka, wodi, jina la daktari, rangi ya dawa, mahali palipo na kovu. Vijana mnaotaka kuongea bila wazazi, chumba cha pili mkono wa kushoto kina muuguzi, na mlango unafungwa. Mimi nitakaa hapa mbele mpaka saa kumi. Nani ana swali la kwanza?